Nilipewa dawa ya muwasho, lakini siwashwi

KAUNTA YA MAMA MFAMASIA

Shikamoo mama,

Nasoma safu yako kila wiki, mara nyingi nikiwa nimeegesha gari Mtumba namsubiri bosi atoke kikaoni. Sikutegemea kwamba iko siku na mimi nitaandika.

Ni dereva serikalini, nina miaka 41, naishi Nkuhungu na mke wangu na watoto watatu. Kwetu ni Bahi. Kazi yangu kubwa ni Dodoma–Dar, kwenda na kurudi, wiki nyingine mara mbili.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa narudi usiku. Nimeshaiacha Gairo, nakaribia Pandambili, lori lililokuwa mbele yangu likapasuka tairi. Tela liliyumba kisha likalala barabarani. Nilikata usukani, nikaingia porini, nikasimama. Hakuna aliyeumia na gari lilipata mikwaruzo tu. Bosi alinishika bega akasema, "Wewe ndiye dereva." Tukaendelea na safari.

Wiki tatu baadaye nikipita pale pale, mchana kweupe, moyo ulianza kunidunda kama mtu aliyekimbizwa. Kijasho chembamba, mikono ganzi, kifua kimebana. Nilijua nakufa. Nilisimamisha gari nikamdanganya bosi kwamba naangalia tairi. Tangu siku hiyo hali inanirudia, mara nyingine hata nikiwa nyumbani nimekaa tu, na usiku nashtuka usingizini.

Nilikwenda hospitali. Presha sawa, sukari sawa, malaria hakuna. Habari ya lori sikumweleza daktari, maana hakuna aliyeumia. Nilimwambia tu kwamba moyo unaenda mbio na silali. Akasema ni wasiwasi, akaniandikia haidroksizini miligramu 25, kidonge kimoja usiku kwa wiki mbili, kisha nirudi. Nikaenda famasi. Binti wa kaunta akasoma cheti, akaniangalia mikono na shingo, akaniuliza, "Unawashwa wapi, kaka?" Nikamwambia siwashwi popote. Nyumbani nikasoma karatasi ya ndani ya boksi: mzio, muwasho wa ngozi. Mama, nilijisikia vibaya. Nilihisi daktari ameniona mtu wa kujidekeza, akanipa chochote kilichokuwa karibu.

Hata hivyo nilimeza, na nikalala. Zile wiki mbili zilikuwa nzuri, kwa hiyo badala ya kurudi hospitali nikarudi famasi nyingine, wakanipa bila cheti. Sasa ni mwezi wa tatu naitumia. Siku za safari nameza na kingine saa 10 alfajiri ili nipite Pandambili salama. Kinanituliza kweli, ila macho yanakuwa mazito, basi natembea na enaji, kopo mbili au tatu mpaka Morogoro. Juzi karibu na Mbande nilishtukia tairi za kushoto ziko kwenye changarawe.

Mwezi uliopita niliugua malaria, nikapewa mseto. Nilimeza vyote pamoja, na usiku moyo ukawa kama unaruka mapigo. Nikaogopa, ila asubuhi ulikuwa umetulia.

Kuna jingine ambalo hata mke wangu hajui. Mama yangu ana miaka 72, alikuja kutusalimia, akalalamika ngozi inamuwasha na halali vizuri. Nikampa kidonge kimoja. Saa 8 usiku tulimkuta mlangoni amejifunga kanga, anasema ng'ombe hawajanyweshwa.

Mke wangu anasema twende kwenye maombi. Shemeji yangu anasema niende Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Mirembe siwezi, mama. Madereva wakiniona pale getini nimekwisha, na nikifutwa safari nafutwa na posho. Ada za watoto zinatoka kwenye posho.

Naomba unisaidie: hii dawa ni ya wasiwasi au ya muwasho? Naweza kuendelea nayo? Au niombe yenye nguvu zaidi?

Dereva wa Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Mbukwa.

Kabla ya maswali yako nianze na jambo ambalo hukuuliza. Kidonge cha alfajiri kikome leo. Hakuna daktari aliyekuandikia hicho.

Tupige hesabu pamoja, maana madereva mnazijua saa. Haidroksizini ukiimeza huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na baada ya saa mbili hivi ndipo inakuwa nyingi kabisa kwenye damu. Ukimeza saa 10 alfajiri, kilele chake ni saa 12 asubuhi. Saa 12 asubuhi uko wapi? Kama mlitoka mjini saa 11, unaikaribia Kibaigwa, una bosi kiti cha nyuma na malori yanakuja mbele yako. Halafu dawa hii haitoki mwilini haraka. Kwa mtu mzima huchukua kama saa 20 kupungua nusu. Kile cha usiku, ukikimeza saa 3, mpaka kesho yake saa 11 jioni nusu yake bado unayo. Kwa hiyo alfajiri hukuwa unaanza upya, ulikuwa unaongeza juu ya cha jana. Zile tairi kwenye changarawe hazinishangazi hata kidogo.

Sasa nije kwenye swali lako. Ni ya vyote viwili, na daktari hakukudharau. Mwili una kemikali inaitwa histamini. Kwenye ngozi ndiyo inayoleta muwasho na vipele, lakini kwenye ubongo ina kazi nyingine kabisa: inatuweka macho na kutuchangamsha. Dawa za mzio za zamani hupenya mpaka kwenye ubongo na kuizuia histamini hata huko. Ndiyo maana piriton ya mafua hukulaza mchana. Haidroksizini ni ya ukoo huohuo, ila utulizaji wake ni mkubwa kiasi kwamba tangu miaka ya 1950 madaktari wanaitumia kwa wasiwasi pia. Marekani iliidhinishwa mwaka 1956. Na kwa kuwa umenifikisha hapa: ile setirizini ya mafua na mzio, inayosifiwa kwamba hailazi sana, ndiyo ambayo mwili wako wenyewe huitengeneza kutokana na haidroksizini. Tumbo moja, tabia mbalimbali.

Yule binti wa famasi naye usimlaumu sana. Alisoma cheti akauliza, na kuuliza ndiyo kazi. Angemalizia tu kukueleza kwamba dawa moja huweza kuwa na kazi mbili. Mimi ninayemlaumu ni aliyekuuzia mara ya pili bila cheti na bila kukuuliza unafanya kazi gani. Nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi, najua foleni ilivyo, lakini mtu mzima akirudi kutafuta dawa ya kulaza, swali la kwanza ni "unaendesha?"

Kwa nini daktari aliichagua hii na si valiamu, ambayo nahisi ndiyo "yenye nguvu zaidi" unayoiwaza? Kwa sababu valiamu na ndugu zake hushika watu. Wiki chache tu mwili huanza kuidai, na kuiacha ni shughuli. Haidroksizini haina ushikaji wa namna hiyo, na mtu hupata nafuu siku hiyohiyo. Ni dawa nzuri ya kumvusha mtu wiki chache ngumu. Tafiti zinaonyesha inamsaidia mwenye wasiwasi wa jumla kuliko kidonge kisicho na dawa ndani, lakini haitajwi kuwa tiba ya kutangulia. Wiki mbili uliandikiwa kwa makusudi. Daktari alitaka ulale, akili itulie, kisha urudi mzungumze. Wewe umechukua mwavuli wa kuvukia barabara ukaufanya nyumba.

Hukurudi, na hata ulipokwenda mara ya kwanza jambo lenyewe hukulisema. Umeliandika katikati ya barua kama vile halina uzito: habari ya lori hukumweleza daktari, "maana hakuna aliyeumia." Mwanangu, aliyeumia ni wewe. Tela limelala mbele yako usiku, umekata usukani kuingia usipopaona, na baada ya kushikwa bega ukaambiwa endesha. Nani amekuuliza tangu siku hiyo, "Uliona nini pale?" Mwili hautofautishi kati ya kifo kilichotokea na kilichopita pembeni. Moyo kudunda mahali palepale, kushtuka usingizini, kulihofia eneo, na hayo yote kuendelea zaidi ya mwezi, kuna jina lake, kiwewe. Siwezi kukupima kwa barua, lakini kama ningekuwa na dakika tano na daktari wako, ningezitumia kumweleza habari ya Pandambili na si kubishana naye kuhusu kidonge. Kwa alichoelezwa alijibu sawasawa.

Kiwewe hakitibiwi kwa dawa ya mzio. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo, anayekurudisha kwenye tukio kidogo kidogo mpaka akili ikubali kwamba limepita. Zipo na dawa zake, kama sertralini au fluoksetini, ambazo hazileweshi wala hazikulazi usukanini kama hii, ila zinataka subira ya wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Kuhusu hizo ataamua daktari. Usije famasi kuniuliza bei.

Tuongee enaji. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kopo mbili au tatu mpaka Morogoro! Kafeini inaongeza mapigo ya moyo, inatetemesha mikono, inaleta kijasho na inakimbiza usingizi. Rudi kwenye barua yako usome ulivyoeleza ugonjwa wako. Unameza kidonge cha kuzima, unakunywa kopo la kuwasha, moyo ukidunda unadhani hofu imerudi, jioni unameza tena cha kuzima. Enaji haiondoi dawa kwenye ubongo. Inakufanya usijue umelewa usingizi kiasi gani, na dereva asiyejua amechoka ni hatari kuliko anayejijua. Punguza kila siku kidogo, usikate zote kwa mpigo maana kichwa kitakuuma wiki nzima. Na pombe usiichanganye na dawa hii kabisa, hata ile glasi ya mvinyo wa kwetu wanayokukaribisha kwenye sherehe.

Suala la mseto lilinifanya nivue miwani. Haidroksizini inaweza kuchelewesha umeme wa moyo, yaani ile chaji inayofanya moyo upige kwa mpangilio. Kwa wengi haileti shida. Inakuwa hatari ikikutana na dawa nyingine yenye tabia hiyo, au kwa mtu mwenye kasoro ya moyo tayari, au mwenye madini ya potasiamu yaliyoshuka, kwa mfano baada ya kuharisha na kutapika sana. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya iliweka ukomo wa miligramu 100 kwa siku kwa watu wazima. Wewe uko chini sana ya hapo, kwa hiyo usishikwe na hofu nyingine juu ya uliyonayo. Lakini lumefantrini iliyomo kwenye mseto nayo inagusa umeme wa moyo. Kwinini vilevile. Azithromaisini, erithromaisini, sipro, na flukonazo ya fangasi zote zimo. Kwetu hapa mtu huandikiwa moja ya hizo kila akikohoa, kwa hiyo popote utakapotibiwa taja kwamba unatumia haidroksizini, hata kama umekwenda kung'oa jino.

Siku ile moyo uliporuka mapigo siwezi kusema ilikuwa dawa. Homa yenyewe hukimbiza moyo, na hofu pia. Ndiyo maana nataka ukapimwe ECG, ile ya kubandikwa waya kifuani. Haiumi na ni ya dakika chache. Omba pia waangalie wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu zote mbili zikiyumba huleta moyo kwenda mbio na kuonekana kama wasiwasi. Ikitokea umezimia, au moyo umeruka mapigo na kizunguzungu kikali, hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri asubuhi.

Kuhusu kidonge cha usiku, ukienda wiki hii kumwona daktari, na uende wiki hii, mwambie ukweli wote: umetumia muda gani, umenunua wapi, na kile cha alfajiri. Kipimo chako si kikubwa na dawa hii haina vurugu za valiamu mtu anapoiacha, ila usingizi unaweza kuyumba siku chache. Akikuambia uendelee kidogo, sawa. Mpaka hapo, usiku wa kuamkia safari usimeze, na siku uliyomeza usishike usukani wa safari ndefu.

Mirembe sasa. Wewe ni mtoto wa Dodoma kama mimi, kwa hiyo tusidanganyane. Najua tulivyokua tukitukanana kwa jina la hospitali hiyo, mtu akikosea kidogo tu anaambiwa arudishwe Mirembe. Nchi nzima imeligeuza tusi. Lakini ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, wagonjwa wanakuja kutoka mikoa ya mbali, wewe unaipata kwa bodaboda. Na wanaoingia kliniki ya nje wengi ni watu wa namna yako, wamevaa mashati yao ya kazini, wana foleni na kadi ya bima, wanatoka na karatasi wanarudi ofisini. Dereva mwenzio akikuona getini, jiulize na yeye amefuata nini pale. Kama bado ni mzito, rudi kwa daktari yuleyule wa kwanza, mweleze habari ya lori, mwombe akuelekeze kwenye kliniki ya afya ya akili. Hospitali kubwa za hapa mjini haziulizi mtu mlangoni anaumwa ugonjwa wa aina gani.

Na mkeo asikasirike na mimi. Maombi nendeni. Mtu mwenye kiwewe anahitaji watu wa kukaa naye. Ila kabla ya kwenda mweleze mkeo kilichotokea Pandambili, chote, maana nina wasiwasi kwamba naye anajua kipande tu.

Posho. Hapo sina jibu tamu. Ungekuwa mwalimu ningesema vumilia kimya ukitibiwa. Wewe umebeba watu. Mwombe daktari ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazi, ya siku chache au barua ya kazi nyepesi kwa muda, uendeshe hapahapa mjini au usiendeshe kabisa mpaka akili na macho vikae sawa. Barua si lazima itaje ugonjwa. Kwa mkuu wa usafirishaji sema hivi: "Mkuu, nipo kwenye dawa inayoleta usingizi, daktari amenizuia safari ndefu kwa muda." Hakuna mkuu mwenye akili anayetaka kumpakia mkurugenzi kwa dereva wa namna hiyo. Kisha ulizia kwa afisa utumishi kama tukio la mwezi wa tatu liliandikwa popote. Lilitokea ukiwa kazini, na mambo ya kazini yana utaratibu wake wa fidia. Kama halikuandikwa, liandikwe. Ukikosa posho ya mwezi mmoja au miwili, shule zinajua kupokea ada kwa awamu. Nenda kaongee nao mapema kabla hawajakutafuta.

Na hofu ikikushika kabla hujaonana na mtu, ukiwa barabarani: washa taa za dharura, toka barabarani sehemu pana, zima gari. Vuta pumzi kwa kuhesabu mpaka 4, itoe taratibu mpaka 6. Rudia dakika kadhaa. Usipigane na moyo. Shambulio la hofu hupanda, hufika juu, hushuka lenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa. Safari hii usimdanganye bosi kwamba ni tairi.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Mwenye miaka 72 hapewi kidonge cha mwenzie. Kwa wazee dawa hizi huvuruga akili, hukausha kinywa, hufunga choo, mkojo hugoma kutoka, na wakiamka usiku wanaanguka. Wale ng'ombe aliowaona mlangoni wametoka kwenye kidonge chako. Shukuru hakuanguka kizingitini. Kama utata ule haujamrudia, umepita na dawa, lakini umwambie ulichompa, na dawa zako ziwekwe juu ambako wala yeye wala watoto hawafiki.

Muwasho wake, akiwa hana vipele, inawezekana ni upepo wetu huu wa kiangazi na ngozi ya uzee. Aoge maji ya vuguvugu yasiyo moto, sabuni kidogo, na kabla ngozi haijakauka umpake mafuta mazito ya mgando miguu na mgongo. Mgongoni hafiki mwenyewe, umpake wewe au mkeo. Wiki mbili zikipita bado anajikuna, mpeleke apimwe sukari, figo na ini.